Atlas hakubeba dunia: jina moja la Kigiriki kwenye ramani, milima, shingo na roketi

Ukiandika "Atlas" kwenye simu, majibu yanakuja yamechanganyika: kitabu cha ramani, timu ya taifa ya Moroko, mfupa wa shingo, roketi ya Marekani, mtambo wa chini ya ardhi huko Geneva, nyotamkia, hata kompresa za hewa zinazonguruma kando ya barabara zinazochimbwa. Anayeuliza sababu huambiwa kwamba vyote vimepewa jina la yule Mgiriki aliyebeba dunia mgongoni. Jibu hilo lina makosa mawili. Kwanza, hakubeba dunia. Pili, vitu hivyo havikulipata jina kwa njia moja. Vipo vilivyochukua jina la mbebaji, vipo vilivyochukua la mlima, kipo kilichochukua la mfalme msomi wa Afrika Kaskazini, na vingine havina uhusiano wowote na mtu, ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza zilizopangwa zikasomeka hivyo. Ukijua jina limepitia njia ipi, kitu chenyewe kinaeleweka haraka zaidi.

Alichobeba kweli

Hesiodo, mshairi wa Kigiriki wa karibu miaka ya 700 KK, anamtaja Atlas katika utenzi wake wa nasaba za miungu. Ni Titani, mmoja wa miungu wa kizazi kilichomtangulia Zeus, mfalme wa miungu. Ni mwana wa Iapetos na Klymene, na ndugu yake ni Prometheus aliyeiba moto akawapa wanadamu. Zeus alimwamuru asimame kwenye ukingo wa dunia na kuishika mbingu kwa kichwa na mikono. Yaani miguu yake iko juu ya ardhi, na mzigo uko juu yake. Homero naye, katika Odisea, anasema Atlas anazo nguzo ndefu zinazotenga ardhi na mbingu, na kwamba anajua vilindi vyote vya bahari. Kwa washairi wote wawili, dunia haibebwi na mtu.

Kosa liliingia kwa macho. Wasanii walihitaji kuichonga mbingu, na kwa kuwa wanafalaki wa Kigiriki waliifikiria mbingu kama tufe linaloizunguka dunia, wakachonga tufe. Sanamu maarufu kuliko zote, Atlas wa Farnese, iko katika jumba la makumbusho ya mambo ya kale la Napoli nchini Italia. Ni kazi ya Kirumi ya karne ya 2 BK, marumaru, yenye urefu unaozidi mita 2. Tufe lililo mabegani lina kipenyo cha sentimita 65 hivi. Ukilisogelea hukuti mabara. Unakuta makundi ya nyota zaidi ya 40 yaliyochongwa kwa mwinuko, pamoja na mistari ya ikweta ya mbingu na njia ya jua, na makundi hayo yamegeuzwa kushoto kulia kwa sababu anayetazama yuko nje ya mbingu, hayuko chini yake. Hata sanamu ya shaba iliyosimamishwa mbele ya Rockefeller Center jijini New York mwaka 1937 imebeba pete zilizopishana, ambazo ndizo mistari hiyohiyo ya mbingu. Aliyeona mpira kutoka mbali akadhani ni dunia, na michoro ya baadaye ikamfuata.

Kuna kisa kimoja cha Atlas ambacho msomaji wa Afrika Mashariki atakielewa bila maelezo. Herakles alitumwa kuleta matofaa ya dhahabu ya akina Hesperide. Akakubaliana na Atlas: Atlas aende kuyachuma, yeye amshikie mbingu. Atlas aliporudi na matofaa hakutaka tena mzigo wake, akasema atayapeleka mwenyewe. Herakles akakubali, ila akaomba ashikiwe kidogo tu ajitengenezee ngata ya kichwani. Atlas akaweka matofaa chini, akapokea mbingu, na Herakles akaondoka zake. Ngata hiyo haijaongezwa na msimuliaji wa Kiswahili; imo katika masimulizi ya Kigiriki yenyewe.

Usichanganye kisa hicho na kile cha Ovidius, mshairi wa Kirumi, ambamo Perseus anamwonesha Atlas kichwa cha Medusa, kilichogeuza jiwe kila aliyekitazama, na Atlas anageuka mlima: ndevu na nywele zikawa misitu, mabega yakawa matuta, kichwa kikawa kilele. Visa hivi haviwezi kuunganishwa, kwa sababu Herakles ni kitukuu cha Perseus. Kama Atlas alikuwa mwamba tangu enzi za Perseus, asingeweza kumchumia mtu matofaa vizazi vitatu baadaye. Ni mapokeo mawili tofauti, na kila moja limezaa majina yake.

Mfalme aliyezaa kitabu cha ramani

Pamoja na Titani, waandishi wa kale walikuwa na Atlas wengine wawili. Mmoja ni wa Plato: mwana wa kwanza wa Poseidon na mfalme wa kwanza wa kisiwa cha Atlantis, ambaye Plato anasema kisiwa na bahari vilipewa jina lake. Mwingine ni wa Diodoro wa Sicilia, mwandishi wa karne ya 1 KK, anayesimulia habari za mfalme aliyeijua sana elimu ya nyota, wa kwanza kufundisha kwamba mbingu ni tufe. Kwa Diodoro, hadithi ya kubeba mbingu ilitokana na elimu hiyo: watu walisema ameibeba kwa kuwa aliifahamu. Mapokeo hayo yalimfanya mtawala wa Mauretania ya kale, eneo ambalo leo ni Moroko na sehemu ya Algeria, si nchi ya Mauritania ya sasa.

Huyo mfalme ndiye aliyempendeza Gerardus Mercator, mchora ramani aliyezaliwa mwaka 1512 Rupelmonde, katika Ubelgiji ya leo. Mercator alifariki tarehe 2 Desemba 1594, na mwaka uliofuata mwanawe Rumold akachapisha kazi yake kubwa chini ya jina lililoanza na neno Atlas. Katika utangulizi Mercator anaeleza kwamba anamkusudia mfalme msomi wa Mauretania. Mtu aliyechorwa kwenye ukurasa wa mbele ameketi na kushughulika na tufe kwa mikono, kama fundi anayelipima. Kwa hiyo kitabu cha ramani hakina jina la mbeba mizigo aliyeadhibiwa. Kina jina la mwanasayansi wa Kiafrika wa mapokeo. Jambo hilo linastahili kufundishwa shuleni kuliko ile picha ya mtu aliyeinama.

Mercator hakuwa wa kwanza kufunga ramani za ukubwa mmoja katika kitabu kimoja. Abraham Ortelius alifanya hivyo Antwerp mwaka 1570, miaka 25 kabla, lakini kitabu chake kiliitwa jukwaa la dunia. Jina la Mercator ndilo lililobaki, hasa baada ya Jodocus Hondius kununua sahani zake za shaba na kuanza kutoa matoleo mapya kuanzia mwaka 1606.

Atlasi hutumiwa vibaya mara nyingi kwa sababu tatu, na zote zinaepukika. Ya kwanza ni skeli. Kwenye ukurasa ulioandikwa 1:5,000,000, sentimita 1 ni kilomita 50. Ukipima kwa rula kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma utapata kama sentimita 8, yaani kilomita 400. Huo ni umbali wa kunyooka. Kwa barabara ni kama kilomita 450, kwa hiyo usimpangie dereva muda kwa rula. Geuza ukurasa ukutane na ramani ya 1:20,000,000, na sentimita zilezile 8 sasa ni kilomita 1,600. Atlasi hubadilisha skeli karibu kila ukurasa ili nchi zote zienee kwenye karatasi, na ndiyo maana watu huamini Ubelgiji na Tanzania zinakaribiana kwa ukubwa.

Ya pili ni aina ya mchoro. Ramani ya Mercator ya mwaka 1569 ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia: mstari mnyoofu juu yake unalingana na mwelekeo mmoja wa dira, faida kubwa kwa anayeendesha chombo. Gharama yake ni ukubwa. Kadiri unavyoiacha ikweta ndivyo nchi zinavyonyooshwa. Kwenye latitudo 60 kila umbali umechorwa mara 2, na eneo mara 4. Greenland inaonekana kutoshana na Afrika ilhali Afrika, yenye kilomita za mraba milioni 30, ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Ukitaka kulinganisha ukubwa wa nchi, tafuta ukurasa ulioandikwa kwamba mchoro wake umehifadhi eneo. Kama atlasi yako haisemi ni mchoro gani umetumika, usiitumie kulinganisha mabara.

Ya tatu ni umri. Atlasi nyingi za mitumba hazina ukurasa wa mwaka, lakini majina yanajieleza. Ukiona Tanganyika peke yake, ni ya kabla ya 1964. Rhodesia ni kabla ya 1980, na Volta ya Juu ni kabla ya 1984. Zaire inakuweka kati ya 1971 na 1997. Ikiwa Ethiopia bado inafika Bahari ya Shamu, kitabu kimechorwa kabla ya uhuru wa Eritrea mwaka 1993, na kama Sudan ni moja, ni kabla ya Julai 2011. Swaziland badala ya Eswatini inamaanisha kabla ya 2018. Ramani za mito na milima katika vitabu hivyo bado zinafaa. Za mipaka, reli na idadi ya watu hazifai.

Milima, bahari na simba

Herodoto, katika karne ya 5 KK, aliandika juu ya mlima wa Libya (kwa Wagiriki, Afrika Kaskazini) ulioitwa Atlas, mwembamba, wa mviringo, mrefu kiasi kwamba kilele hakionekani kwa mawingu, na kwamba wenyeji waliuita nguzo ya mbingu. Hapo ndipo Titani na jiografia vilipokutana. Leo jina linashika safu nzima ya milima yenye urefu wa kilomita 2,500 hivi kupitia Moroko, Algeria na Tunisia. Kilele chake kirefu ni Toubkal, mita 4,167, Moroko. Si mlima mmoja: Moroko peke yake ina Atlas ya Juu, Atlas ya Kati na Anti-Atlas, na Algeria ina Atlas ya Tell upande wa pwani na Atlas ya Sahara upande wa jangwa. Tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea Atlas ya Juu, kusini-magharibi mwa Marrakech, na kuua karibu watu 3,000.

Bahari iliyo nje ya mlango wa Gibraltar ilipata jina kwa Atlas huyohuyo wa magharibi. Jina lake Kigiriki likinyambuliwa hutoa shina "atlant-", na ndilo unaloliona katika Atlantiki na Atlantis.

Watu wengi wa kwetu walilijua jina hili uwanjani kabla ya darasani. Timu ya Moroko, Simba wa Atlas, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia, Qatar 2022. Agosti 2025, katika CHAN iliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, Moroko iliitoa Taifa Stars robo fainali kwa bao 1-0 Dar es Salaam, kisha ikatwaa kombe Kasarani kwa kuifunga Madagaska 3-2. Simba mwenyewe wa Atlas hayupo tena porini. Aliwindwa hadi akatoweka katika karne ya 20. Mmoja wa mwisho kujulikana kuuawa Moroko alipigwa risasi mwaka 1942.

Mfupa unaobeba kichwa

Madaktari ndio waliolitumia jina kwa usahihi zaidi, kwa kuwa walichukua kazi ya mbebaji na kuipa mfupa unaoifanya kweli. Shingo ina pingili 7. Ya kwanza, iliyo moja kwa moja chini ya fuvu, ndiyo atlas, na kwenye ripoti ya eksirei au MRI huandikwa C1. Neno lolote la ripoti linaloanza na "atlanto-" linahusu pingili hii.

Umbo lake halifanani na pingili nyingine yoyote. Haina kile kipande kinene cha mbele ambacho pingili nyingine hutumia kubebea uzito, na nyuma haina mwiba. Ni pete yenye tao la mbele, tao la nyuma, na vipande viwili vinene pembeni. Pitisha kidole katikati ya kisogo ukishuka kutoka kwenye fuvu: kinundu cha kwanza utakachokigusa ni pingili ya pili, si ya kwanza, kwa sababu ya kwanza haina cha kushikika hapo. Juu ya vile vipande viwili vya pembeni kuna vibakuli ambamo vifundo vya fuvu hukaa. Hapo ndipo unapotikisa kichwa kukubali. Kukataa hufanyika kiungo kimoja chini: pingili ya pili ina jino linalopanda juu na kuingia ndani ya pete ya atlas, na atlas pamoja na fuvu lote huzunguka jino hilo. Karibu nusu ya uwezo wote wa shingo kugeuka kulia na kushoto iko kwenye kiungo hiki kimoja. Jino limefungwa mahali pake na kano moja inayopita nyuma yake kutoka upande hadi upande, na nyuma ya kano hiyo kuna ugwe mgongo. Katika pete, takriban theluthi moja ni jino, theluthi ni ugwe, na theluthi iliyobaki ni nafasi ya usalama.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Mama akijitwika ndoo ya lita 20 iliyojaa, maji peke yake ni kilo 20, kwa hiyo vile vibakuli viwili vinapokea kama kilo 25, nusu kwa nusu ikiwa mzigo umekaa katikati. Ngata hufanya mambo mawili: inatawanya mgandamizo kwenye ngozi ya utosi, na inauzuia mzigo usihame. La pili ndilo la muhimu kwa atlas. Ndoo ikiegemea upande mmoja, misuli ya upande wa pili hulazimika kuvuta, na mvuto huo nao unashuka kwenye viungo juu ya uzito wa maji. Ndiyo maana shingo huuma zaidi kwa ndoo ya nusu inayochezacheza kuliko kwa ndoo iliyojaa na kutulia.

Pete hii huvunjika kwa pigo la utosini. Daktari Mwingereza Geoffrey Jefferson alilieleza jeraha hilo mwaka 1920 na bado linaitwa kwa jina lake. Sababu za kawaida ni kupiga mbizi kichwa mbele kwenye maji mafupi, kuanguka kutoka mtini kwa kichwa, na ajali za gari ambamo kichwa hugonga paa. Fuvu linashuka kwa nguvu, vibakuli vimeinama, hivyo vipande vya pembeni vinasukumwa nje na pete inapasuka sehemu mbili au zaidi. Kwa kuwa vipande vinatawanyika kwenda nje, ugwe mgongo mara nyingi husalimika, na hapo ndipo hatari ilipo: majeruhi anaongea, anainua mikono, anataka kusimama, na watu wanamsimamisha.

Usimsimamishe. Aliyeanguka kwa kichwa na analalamika maumivu juu ya shingo alale alivyo. Mtu mmoja apige magoti upande wa utosi na ashike kichwa kwa mikono miwili, bila kukivuta na bila kukigeuza. Usimwekee mto, weka taulo au kanga zilizokunjwa pande zote mbili za kichwa. Ikibidi kumhamisha, wawe watu wanne au zaidi, na aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, ili kichwa, mabega na nyonga vigeuke kwa pamoja. Akitapika, mgeuzeni mwili mzima ubavu kwa namna hiyohiyo. Aliyezama na hapumui ni suala lingine: pumzi inatangulia shingo, na anatolewa majini haraka huku kichwa kikishikwa kadiri inavyowezekana.

Hospitalini huombwa picha ya eksirei inayopigwa mdomo ukiwa wazi, ambayo huonesha vipande viwili vya atlas vikikaa juu ya pingili ya pili. Vikichomoza nje kwa jumla ya milimita 7 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ile kano imekatika, na matibabu hubadilika. CT huonesha mivunjiko midogo ambayo picha hii huikosa. Kano hiyo inaweza pia kulegea bila ajali, kwa wagonjwa wa miaka mingi wa baridi yabisi na kwa baadhi ya watu wenye sindromu ya Down. Wao na jamaa zao wamweleze mtaalamu wa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji wowote, kwa kuwa kuingiza mpira wa hewa kooni huhitaji kuinamisha kichwa nyuma.

Roketi yenye ngozi nyembamba

Kombora la Atlas lilikuwa la kwanza la Marekani la kuvuka mabara, na liliruka kwa mara ya kwanza tarehe 11 Juni 1957. Mhandisi wake mkuu, Karel Bossart, mzaliwa wa Antwerp, alikata uzito kwa uamuzi wa kijasiri: aliondoa fremu ya ndani. Matangi ya mafuta yalikuwa ndiyo mwili wenyewe, bati la chuma kisichoshika kutu ambalo kwa sehemu kubwa halikuzidi unene wa milimita 1, na lilisimama kwa shinikizo la gesi iliyo ndani, kama mpira wa miguu uliojazwa upepo. Hata likiwa tupu lilipaswa kubaki limejazwa naitrojeni. Shinikizo likipotea, roketi inajikunja. Tarehe 11 Mei 1963 ndivyo ilivyotokea Vandenberg, California: Atlas iliyobeba roketi ya juu iitwayo Agena ilipoteza shinikizo ikiwa bado kwenye jukwaa na ikaporomoka.

Ngozi hiyo iliponza pia angani. Tarehe 29 Julai 1960 roketi ya jaribio la kwanza la Mercury-Atlas, la mpango wa Marekani wa kupeleka watu angani, ilivunjika takriban dakika moja baada ya kuruka, pale bati lilipoungana na chombo. Kabla ya jaribio lililofuata, Februari 1961, wahandisi waliifunga sehemu hiyo kwa mkanda wa chuma, na ikastahimili. Fundi wa gereji anayo kumbukumbu nyingine ya ngozi ile mkononi: WD-40, dawa ya kupulizia, ilibuniwa mwaka 1953 San Diego ili kufukuza unyevu, na matumizi yake ya mwanzo yalikuwa kulinda bati la Atlas. Kazi yake ilikuwa kuondoa maji. Ukiipulizia kwenye mnyororo wa baiskeli itafungua kutu, lakini itaosha na grisi pia, kwa hiyo paka mafuta baada yake.

Tarehe 20 Februari 1962 Atlas ilimpeleka John Glenn angani, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, mizunguko 3. Kati ya vituo vilivyomfuatilia kimoja kilikuwa Zanzibar, upande wa Tunguu. Alipopita juu yake ilikuwa jioni, na hapo alifanya zoezi la kuvuta kamba ya mpira ili daktari wa kituo afuatilie mapigo ya moyo wake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na kikafungwa mwaka huohuo. Roketi ya Atlas V, iliyoanza kuruka Agosti 2002, imerithi jina tu: hatua yake ya kwanza ina matangi magumu ya alumini na injini ya Kirusi, RD-180.

Angani na kwenye vifupisho

Mwezi mdogo wa Sayari ya Zohali uitwao Atlas, ulioonekana katika picha za chombo cha Voyager mwaka 1980, una upana wa kilomita 30 hivi na umebonyea kama kisahani. Ulipewa jina hilo kwa sababu uko ukingoni mwa pete kuu, kana kwamba umezishika. Atlas nyingine ya angani inaonekana bila darubini. Katika visa vya Kigiriki Atlas na mkewe Pleione walikuwa na binti saba, na binti hao ni kundi la nyota tunaloliita Kilimia, saa ya wakulima na mabaharia wa pwani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota mbili zilizokaribiana pembeni mwa kundi zinaitwa Atlas na Pleione, wazazi.

Nondo wa Asia ya Kusini-Mashariki aliitwa atlas na Linnaeus, mtaalamu wa kuvipa viumbe majina, mwaka 1758, pengine kwa ukubwa wake. Mabawa yake hufika sentimita 25, na akishakuwa nondo hana mdomo wa kulia, hivyo huishi wiki moja au mbili kwa akiba aliyokula akiwa kiwavi. Kampuni ya Uswidi ya kompresa, Atlas Copco, ilianza mwaka 1873 kama Atlas. Kitambaa cha atlasi, kile cha kung'aa cha magauni ya harusi, hakimo katika ukoo huu. Jina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya laini.

Herufi kubwa tupu, ATLAS, ni dalili ya kifupisho. Mtambo wa CERN, maabara ya fizikia huko Geneva, wenye urefu wa mita 46, kipenyo cha mita 25 na uzito wa tani 7,000, ni kimoja. Ulikuwa mmoja wa mitambo miwili iliyotangaza kugunduliwa kwa chembe ya Higgs tarehe 4 Julai 2012. Jina lake limeundwa kutokana na sumaku zake za umbo la pete. Kingine ni mfumo wa darubini za kutahadharisha kuhusu mawe ya angani yanayoweza kuigonga dunia, wenye vituo Hawaii, Chile na Sutherland, Afrika Kusini.

Mfumo huo ndio unaowachanganya wasomaji wa habari. Nyotamkia hupewa jina la aliyeigundua, na kwa kuwa darubini hizi hugundua nyingi, zimekuwapo nyotamkia nyingi zinazoitwa ATLAS. Ile ya C/2019 Y4 ilivunjika vipande Aprili 2020. C/2023 A3, ambayo ugunduzi wake ATLAS iligawana na kituo cha China, ilionekana kwa macho Oktoba 2024. 3I/ATLAS, iliyogunduliwa kutoka Chile tarehe 1 Julai 2025, ni kitu cha tatu kujulikana kuwa kimetoka nje ya mfumo wa jua, na "3I" inasema hivyo hasa. Picha ya moja husambazwa mara kwa mara kwa jina la nyingine. Kinachozitofautisha ni herufi na namba zinazotangulia, kwa hiyo unapotafuta au kusambaza habari yake, ziandike zote.